Windows Saba Jikoni Rwamgasa

Mteja akiingia dukani kwangu Nyasubi, hapa Kahama, na Macbook kwapani, akaniambia anataka Windows, tena ile ya zamani, ile saba, na bei iwe ya chini, ngumi yangu inajikunja yenyewe. Sijampiga mtu bado kwa kosa hilo. Namwambia weka hapo, kaa, subiri. Lakini moyoni nakuwa nishamtandika. Umenunua kitu ambacho wenzako wanakiota ndotoni, halafu unataka nikivue nguo zake nikivalishe za kompyuta ya stationery. Ni kama kununua ng'ombe wa kisasa wa maziwa ukaenda kumfunga plau. Kwetu Kishapu mtu wa hivyo anaitiwa wajomba zake waje kuzungumza naye.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka uvumilivu tu. Macbook za zamani, zile nene zenye mdomo wa CD ubavuni, zina programu yao wenyewe ya kugawa diski vipande viwili, cha kwao kimoja na cha Windows kimoja. Hulipii kitu. Unaigawa, unatia CD, unawasha huku umekandamiza kitufe cha Alt, unachagua upande unaoutaka, unakaa chini unasubiri. Wapo mafundi watakaokuuzia programu ya kulipia kila mwaka ili Windows ikae juu ya ule mfumo wa kwanza kama mpangaji. Mimi nawaita wezi na wanajua nawaita hivyo. Njia ya bure ipo, na Kahama nzima wanajua kwamba ukiitaka uje kwangu. Sifa hiyo ndiyo iliyonipeleka Rwamgasa, machimboni.

Kwa mama yangu tulibaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama alipofariki nilikuwa nimefikia umri wa kumbeba, nikambeba. Nimechuma pamba naye mgongoni. Shuleni aliyempiga yeye alipigwa na mimi, na mwalimu akitaka kunichapa kwa hilo nilikuwa nainama bila kuambiwa mara mbili. Alipokua aliuchoka udongo wa Kishapu na fimbo ya kuchungia, akaenda machimboni kuingia duarani, yaani kwenye yale mashimo ambayo watu wanashuka kwa kamba kuufuata mwamba wa dhahabu. Nililia, nikamtukana, kisha nikamnunulia mabuti.

Asubuhi hiyo ninayoisimulia nilikuwa nafagia mlangoni. Simu ikaita. Alikuwa tajiri wa mdogo wangu, mwenye duara alilokuwa anafanyia kazi.

"Dada fundi," akasema, "wewe si unaweka Windows kwenye Macbook?"

Nikasema naweka.

"Hata ile saba?"

"Hata hiyo."

"Bei gani?"

Nikamtajia. Akasema nimpunguzie. Nikasema sipunguzi. Tukavutana pale kwenye simu kama watu waliokutana kwenye mitumba, na alipoona sishuki ndipo akashusha pumzi. "Basi, dada, nikwambie ukweli. Mdogo wako kashikwa huku. Jua likizama wanaweza kumuua. Sasa si unipunguzie."

Matusi niliyomtukana siyaandiki, maana watoto wangu wanajua kusoma. Nikachukua CD yangu, flashi yenye madereva, yaani programu za kuamsha vifaa vya kompyuta, nikafunga duka ufagio ukiwa bado nje.

Njiani, ndani ya gari la Katoro, nikayajua yote kwa vipande, mtandao ukikata na kurudi. Maduara mawili, letu na la jirani, yalikuwa yanaufuata mwamba mmoja chini kwa chini, na alfajiri hiyo yalikuwa yametoboana. Mtu wa mjini anaweza kuona ni jambo dogo, ukuta umetoboka, basi. Chini kule ni vita. Watu wanakutana gizani, hawaoni isipokuwa tochi ya kichwani ya adui, na kila mmoja ana nyundo mkononi na hasira ya wiki nzima ya kupasua jiwe. Hakuna pa kukimbilia. Walipigana kwa nyundo, kwa tindo, kwa mawe, kwa meno. Kijana mmoja wa upande wa pili alipasuliwa kichwa, akafia humo humo. Watu wetu wakatoka wakikimbia. Mdogo wangu akakamatwa upande wa wenzetu.

Sasa kila tajiri anaapa kwamba mwenzake ndiye aliyevuka mpaka. Aliyevuka ndiye mvamizi, na damu ni juu yake. Sungusungu wa kijiji wakaja na pinde na fimbo, wakasimama katikati, na kamanda wao akaamua kwamba apatikane mpima mwenye mashine ashuke, apime, aseme njia ya nani imeingia kwa nani. Mpima akapatikana, akashuka chini ya ulinzi, akapima. Alipopanda ili vipimo viingie kwenye laptop, kuna mkono ukatoka kwenye kundi na nyundo, ukaipiga ile laptop, na pigo la pili likamwangukia mpima mwenyewe. Hadi leo mwenye mkono huo hajulikani alikuwa wa upande gani.

Mashine yake ya kupimia ilibaki salama, vipimo vimo. Lakini ilikuwa kuukuu, na programu yake aliyokuwa nayo kwenye flashi haikubali Windows yoyote mpya, inataka saba tu. Katoro hakuna mwenye laptop aliyekubali yake ipelekwe kwenye damu. Machimboni ilikuwepo moja, Macbook ya tajiri wetu, aliyoinunua kwa mgeni mmoja akaiweka baa ipige muziki. Na fundi wa njia ya bure ni mimi.

Nilishuka kwenye bodaboda nikakuta kimya. Wanaume mia wamekaa makundi mawili wanatazamana, mapanga mapajani, na kati yao mstari wa sungusungu. Kuyazunguka maduara yote mawili ilikuwepo kamba ya katani yenye vitambaa vyekundu. Kila machimbo ya huku yanayo. Kamba ile mwanamke haivuki. Akivuka, dhahabu inakimbia. Inazama chini zaidi ambako nyundo haifiki, na duara linafungwa, mbuzi anachinjwa, mganga anaitwa. Hata mama lishe wanaowapikia wanaume hao kila siku ya Mungu wanapokelewa sahani kwenye kamba. Mimi nilikuwa naisikia habari hiyo tangu zamani na nilikuwa naicheka.

Ndani ya kamba, chini ya turubai la bluu, ndipo alipolazwa marehemu. Mabuti yalijitokeza. Moja lilikuwa limechanika kisigino, na nzi walikuwa hapo.

Mdogo wangu walikuwa wamemfunga kwenye nguzo, hatua moja tu ndani ya kamba. Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa masikio. Uso ulikuwa umevimba mpaka jicho moja limepotea, na mdomo umepasuka katikati. Alikuwa amevuliwa shati na mgongo umechorwa fimbo. Laiti ningekuwa na bunduki siku ile, leo nisingekuwa naandika haya, ningekuwa naandika barua za gerezani.

Kamanda wa sungusungu, mzee mwenye kiboko cha ngozi ya kiboko, akanisogelea. Nikamwamkia, maana hata hasira ina adabu yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Na huyo aliyefungwa ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu."

Akanitazama. Nadhani hakuwa ameambiwa. "Sasa sikiliza," akasema. "Polisi tumewapigia, wako njiani, barabara imekatika kwa mvua wanazungukia mbali. Mimi watu hawa siwezi kuwazuia kutwa nzima. Jua likifika kwenye miti ile, mashine iwe imesema. Ikisema wamevuka hawa wenye msiba, kijana wako anafunguliwa anaondoka na wewe. Ikisema wamevuka wenu, mimi nawatoa watu wangu katikati."

Akageuka akarudi kwenye mstari wake.

Kwa kuwa sivuki kamba, wakaniweka kwenye banda la mama lishe, jikoni. Mama mwenyewe alikuwa Msukuma wa makamo, mikono minene, kakunja khanga kiunoni, kisu cha vitunguu hakimtoki mkononi. Akafuta meza mafuta, akaniambia, "Kaa, mayu," yaani mama, kwa Kisukuma. Mpima alikuwa kwenye benchi, kichwa kimefungwa kipande cha shuka, damu imekaukia sikioni. Kila mara alikuwa anatoka nje kutapika, akirudi anaomba radhi.

Nikaiwasha Macbook. Ikatoa ule mlio wake wa kuamka, mzito, na wanaume nje wakageuka wote pamoja.

Betri ilikuwa imekufa kabisa, inaishi kwa waya tu, na waya wa Macbook hizo unashika kwa sumaku, ukigongwa kidogo unaachia. Nje jenereta inakohoa. Nikafungua diski: imejaa nyimbo mpaka shingoni. Haiwezi kugawika. Nikaanza kufuta.

Tajiri wetu akachungulia juu ya bega langu. "Zile za injili usizifute."

"Toka."

"Dada, hizo nilizikusanya miaka."

"Toka kabla sijakupiga na hii meza," nikamwambia, na mama lishe akamshika mkono akamtoa kama kuku.

Nikaigawa diski. Nikatia CD, ikazunguka ikilalamika. Nikazima, nikawasha, kidole kwenye Alt. Zikatokea picha mbili, nikachagua ya CD. Ukaja ule ukurasa mweusi wenye mstari mmoja mweupe wa kukusubirisha, na hapo, hapo hapo, kijana mmoja wa upande wa wenye msiba, amelewa gongo, akajisukuma ndani kutaka kuona mashine isije ikarogwa. Paja lake likapiga meza. Waya ukaachia. Kioo kikawa giza.

Mwiko wa ugali ulikuwa chunguni. Niliuchomoa ukiwa wa moto nikampiga nao usoni, nikampiga tena shingoni, na alipoinama nikampiga mgongoni. Akapiga yowe. Nje watu wakasimama, mapanga yakainuka, jiwe likaja likatoboa bati la banda, la pili likampata mwanamgambo mmoja wa sungusungu kinywani akakaa chini akitema damu. Filimbi zikalia. Viboko vikafanya kazi pande zote mbili bila kuuliza. Palipotulia, kamanda akaweka watu wawili mlangoni kwangu na pinde. Mama lishe akaurudisha waya mahali pake.

Nikaanza upya. Safari hii ikafika pale pa kuchagua diski. Pale ndipo mafundi wa kubahatisha wanapofia, maana vinatokea vipande vinne na inakwambia Windows haiwezi kukaa hapa. Unatakiwa ubonyeze Format, lakini kwenye kipande chako tu. Ukikosea ukabonyeza cha jirani umeua kila kitu, upande wa Macbook na upande wa Windows, na laptop inakuonyesha folda yenye alama ya kuuliza. Nikabonyeza sawasawa. Ikaanza kunakili mafaili. Nikamwomba Mungu kwa sauti, mpima akasema amina.

Wakati inanakili hakuna cha kufanya. Nikachota maji kwenye kikombe cha bati, nikamwomba kamanda. Akaitikia kwa kichwa.

Nilisimama upande wangu wa kamba, nikanyoosha mkono, yeye akanyoosha shingo mpaka kamba ya mikononi ikamkata. Maji yalikuwa yanaingia mekundu. Nikamwambia, "Kaza moyo, inaenda vizuri, ipo kwenye mafaili. Jioni tunalala Nyasubi."

Akaacha kunywa. Mdomo ukiwa bado ndani ya kikombe akasema, "Dada, usiiwashe."

Nikadhani homa.

"Ni sisi tuliovuka," akasema. "Tajiri hajui. Tulivuka juzi. Mimi ndiye nilikuwa mbele."

"Na yule?" Nikamaanisha wa kwenye turubai.

"Sijui ni nani aliyempiga. Wallahi sijui, dada, kulikuwa giza. Nyundo yangu nilikuwa nayo." Jicho lake lile moja likanitazama. "Ramani ikitoka wananiua."

Nikamfuta kidevu kwa ncha ya khanga, nikarudi jikoni. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba ningeweza kuwasaidia kumpiga. Saa zote hizo nimepigana na waya, na jenereta, na mlevi, ili nimtoe, kumbe kila mstari uliokuwa unajaa kwenye kioo kile ulikuwa unamsogezea kaburi. Na mimi ndiye fundi. Na kazi ilikuwa inakwenda vizuri kuliko siku zote.

Nikaanza kuharibu. Kwanza nikagusa waya kwa kiwiko, eti kwa bahati mbaya. Mlinzi wa mlangoni akaushika kabla haujaachia, kwa mkono wake mwenyewe, akasema ataushikilia mpaka mwisho. Iliponiuliza lugha nikajifanya nasoma. Iliponiuliza jina nikaandika, nikafuta, nikaandika. Mpima akasogea. Alikuwa na uso wa mtu anayeumwa kichwa cha kufa lakini macho yalikuwa mazima.

"Hapo bonyeza Next tu, dada."

"Kompyuta ni yako?"

"Hapana," akasema polepole. "Nakukumbusha."

Tukatazamana. Nikajua anajua kwamba kuna kitu, na nikajua hatasema, lakini hatanisaidia pia. Yeye alipigwa nyundo kwa ajili ya vipimo vile na alikuwa anavitaka vitoke. Simlaumu. Nikabonyeza Next.

Ikafunguka. Ile rangi ya bluu, ile bendera ya rangi nne katikati. Kwenye Macbook inakaa vizuri kuliko kwenye kompyuta yoyote, kioo chake kinang'aa, na nisidanganye, kwa kufumba na kufumbua nilifurahi. Ndivyo fundi alivyo, mpuuzi. Nje wakanong'onezana kwamba imekubali. Jua lilikuwa limeigusa miti.

Mpima akaweka madereva, akaweka programu yake, akaunganisha mashine kwa kebo. Kamanda akaingia. Matajiri wote wawili wakaingia, mmoja kulia mwingine kushoto, wananuka jasho na woga. Mstari wa kijani ukaanza kujichora, duara letu, unashuka wima, unakata kona. Mstari mwekundu ukafuata, la wenzetu. Katikati palikuwa na nukta nukta, mpaka. Ule wa kijani ukawa unatembea kuelekea kwenye nukta, taratibu, kipande kwa kipande, na programu ile ilikuwa nzito, inachora huku inafikiri. Nikaona ulipo na ninajua unakokwenda. Ulikuwa haujafika kwenye mpaka bado.

Ningeivunja pale mezani, wangejua kwa nini, na mdogo wangu angekufa kabla vipande havijatulia chini. Nilitazama nje. Nikaiona ile kamba na vitambaa vyake vyekundu.

Watu wakiniuliza nasema sikuwaza. Ni uongo, niliwaza, tena vizuri. Niliwaza kwamba wanaume hawa wanaogopa kitu kimoja tu kuliko mauti.

Nikaibeba Macbook, kebo ikachomoka, waya wa sumaku ukaachia mkononi mwa yule mlinzi, nikatoka mbio. Hakuna aliyenishika kwa sababu hakuna aliyeelewa ninakokwenda. Nikaivuka kamba. Nikaivuka kwa miguu yote miwili, mwanamke na khanga yangu, nikapita kando ya turubai, nikafika kwenye mdomo wa duara letu, nikakanyaga magogo yake, nikaitupa Macbook ndani. Ilichukua muda kufika. Kisha nikakimbilia duara la wenzetu nikalikanyaga nalo.

Ikatoka sauti moja kwenye vifua vya wanaume mia, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu wala kwa ng'ombe. Walikuja pande zote mbili. Hawakuwa pande mbili tena. Hakuna aliyeuliza ramani. Hakuna aliyeuliza nimetupa nini wala kwa nini. Yule waliyemlilia tangu alfajiri walimruka, na mmoja alimkanyaga mguu kwa haraka ya kunifikia mimi. Walikuwa wanaililia dhahabu.

Pigo la kwanza lilikuwa la mpini wa sepetu, hapa kwenye taya. Nilisikia meno yakiachia kabla sijasikia maumivu. La pili sijui. Nilianguka, wakawa wanapiga kwa mabuti, kwa fimbo, mmoja kwa kofia yake ngumu, anainua anashusha. Mkono niliokingia kichwa ukavunjika ukatoa mlio kama kuni mbichi. Nakumbuka nilimng'ata mtu kwenye shavu la mguu na sikumwachia. Nakumbuka nilikuwa naona nguzo kwa kupitia miguu yao, na kwenye nguzo nikamwona mama lishe, ndani ya kamba, naye kavuka, kisu cha vitunguu kinakwenda kwenye kamba za mdogo wangu. Nikamwona mdogo wangu anatoka mbio kuelekea kwenye mihogo.

Kimbia, nilisema, au nilidhani nasema. Nilitaka akimbie. Nilitaka kwa moyo wangu wote. Na nilitaka pia ageuke anitazame mara moja tu, na hakugeuka.

Sungusungu walinilalia juu, ndiyo maana niko hai. Kisha nikasikia magari, na risasi hewani.

Kesi haikufika popote. Mpima alisema vipimo vyake vilipotea kebo ilipochomolewa, na labda ni kweli. Matajiri wale wawili walipatana wiki hiyo hiyo. Walichinja mbuzi wawili, wakamlipa mganga mmoja, wakala nyama pamoja juu ya magogo, na mwishowe wakayaunganisha maduara yakawa moja, maana tayari yalikuwa yametoboana. Mama lishe walimfukuza. Sasa anapika Katoro, na kila nikipita lazima nile kwake, supu, kwa sababu yeye anajua taya langu halitafuni nyama tena. Marehemu alizikwa kwao. Naye alikuwa mdogo wa mtu. Yupo dada mahali fulani ambaye anataka kujua mstari wa kijani ulifika wapi, na akija dukani kwangu akaniuliza sijui nitamwambia nini. Namwogopa dada huyo kuliko wale wanaume wote.

Mdogo wangu alikaa kimya miezi, akarudi machimboni. Mwaka jana sikukuu alinitembelea Nyasubi. Jicho lilipona. Kanenepa, kaoa, kanyoa denge. Nilichinja jogoo, nikasonga ugali, tukaketi. Akala kwa hamu kama alivyokuwa anakula utotoni, anatanguliza paja. Nikamuuliza kazi inaendaje.

"Haiendi, dada," akasema. "Lile duara limekufa. Tangu siku ile uvuke hatujaona kitu cha maana." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Ungeivunja tu ile laptop pale pale jikoni. Kamba ulikuwa na haja gani ya kuivuka?"

Nilikuwa na kijiko cha mchuzi mkononi, na mkono uliovunjika hauwezi kushika kitu muda mrefu, nikakiweka chini. Ngumi ikajikunja yenyewe. Ningempiga. Mungu ananiona, nilikuwa nishainuka nusu.

Akanitazama, kisha akaitazama sahani yangu. "Mbona nyama huli, dada?"

Nikakaa. Nikamwambia sina hamu, nikamsogezea na ya kwangu.